Seti ya Saba Kabla ya Wakati Wake

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Leo nimechukua fomu. Nagombea uenyekiti wa chama chetu cha msingi cha wakulima wa kahawa. Uchaguzi ni Jumamosi ya tarehe 18, pale ghalani. Mpinzani ni mmoja tu, Rwegoshora. Hana sera. Ana meno. Yamepangana kama punje za hindi, na akicheka, akina mama wa hapa Isingiro wanasahau swali walilotaka kumuuliza.

Mimi jino langu la mbele limempanda mwenzake tangu darasa la nne. Ndiyo sababu tangu Septemba navaa vifuniko. Ni plastiki nyembamba, nyeupe kama maji, inabana meno na kuyasukuma polepole mpaka yanyooke. Binti yangu Therese ni muuguzi kwenye kliniki ya meno huko Bukoba. Yeye ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa daktari wake, Mutalemwa. Seti ziko kumi na nane. Kila seti wiki mbili. Niko ya tano.

Masharti ya daktari: kuvaa saa ishirini na mbili kwa siku. Kuvua wakati wa kula tu. Kutokunywa kitu navyo isipokuwa maji. Kutoruka seti. Na kila Ijumaa kumtumia picha ya meno kwa simu.

Hapa kijijini wanaojua ni Anatolia, mke wangu, na mdogo wake Lameck tunayeishi naye. Wengine wasijue. Mwanamume wa miaka arobaini na sita mwenye plastiki mdomoni hapewi ufunguo wa ghala.

Nimepiga hesabu. Siku kumi na mbili. Nikifuata daktari, siku ya uchaguzi nitakuwa ya tano bado. Daktari ni msomi lakini hajawahi kugombea.

Jumatano, 8 Novemba

Nimevaa ya saba. Ya sita nimeiruka. Niliziinua zote mbili dirishani nikazilinganisha, sikuona tofauti.

Tofauti ipo. Naisikia mpaka masikioni. Asubuhi nimekunywa uji tu, nao nimeunywa kwa huzuni.

Mchana mkutano mdogo wa kampeni, njia panda. Watu kama thelathini. Nilikuwa nimeandaa maneno matatu: Uwazi, Usawa, Ustawi. Nimefungua mdomo, likatoka "uwazi" vizuri kabisa. Likafuata "uthawa." Nikajikohoza. "Uthtawi." Mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya kusikika mpaka kijiji jirani cha Kibingo, kwamba huyu leo kaanza mapema. Alimaanisha rubisi. Mimi sijagusa pombe ya ndizi tangu Pasaka!

Nikabadilisha palepale. Nikasema sera zangu ni tatu: uwazi, uwazi, na uwazi. Wamepiga makofi, ila wachache.

Anatolia ameniuliza kwa nini naongea kama nina ndizi moto mdomoni. Nimemwambia ni ya saba. Amesema juzi ilikuwa ya tano. Nimesema muda unakwenda.

Ijumaa, 10 Novemba

Siku ya picha. Balaa. Nimejitazama kwenye kioo. Kifuniko cha juu hakijakaa. Kati yake na jino la mbele kuna nafasi, ukucha unapita. Daktari akiona hiyo atampigia Therese, Therese atampigia mama yake, na mimi nitaishi na wanawake wawili wenye haki.

Nimefikiri mpaka saa nne. Halafu nikamwona Lameck ameegemea ukuta, anacheka na simu yake. Meno ya Lameck! Sikuwahi kuyatilia maanani. Yamenyooka, meupe, hayana hatia yoyote.

Amekataa. Nimemwambia ni msaada wa kifamilia. Amesema wa familia ni dada yake, mimi ni shemeji. Tumekubaliana achague stesheni ya redio kila Jumapili. Nimempiga picha tatu: mbele, kulia, kushoto. Nimeuvuta mdomo kwa vijiko viwili kama Therese alivyonifundisha. Nimetuma. Nimeandika: "Daktari, shikamoo. Maendeleo ni mazuri."

Kazi safi.

Jumamosi, 11 Novemba

Kibingo. Nimekwenda kwa Mama Uwizeye. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani, yeye amezaliwa hapahapa, na shamba lake la migomba na kahawa ni la mfano. Ana kura yake moja. Lakini wanachama zaidi ya ishirini wa upande ule hawanyanyui mkono kabla hawajaona wake uko wapi.

Amenipokea vizuri. Akaleta ndizi zilizopikwa na maharage, na juu yake sahani ya senene wa kukaanga, wale panzi wetu. Senene wa kwanza wa msimu! Mate yamejaa kinywani, yakazunguka plastiki.

Sasa nifanyeje? Kuvua mbele za watu ni aibu. Kula navyo ni kuvivunja. Kuomba kwenda chooni kisha kurudi ninaongea vizuri ghafla ni maswali. Nimesema nimekwishakula nyumbani, ahthante thana.

Amenitazama. Akasema, "Hata kidogo, waitu? Hata ndizi moja?" Nimeshika tumbo. Akaniletea punje za kahawa ya kutafuna, kama mgeni anavyopewa. Nimezipokea kwa mikono miwili, nikajifanya nazipeleka mdomoni, nikaziacha mkononi, nikazitia mfukoni. Nadhani hakuona.

Ameniaga bila kunisindikiza.

Jumapili, 12 Novemba

Aliona.

Leo baada ya ibada watu wamesimama vikundi vikundi, na kila kundi nikilisogelea linaanza kuzungumzia mvua. Anatolia ndiye aliyenipa habari. Kibingo kote wanasema Polikarpi amekwenda kuomba kura akakataa chakula, maana anaogopa kulishwa sumu. Na Rwegoshora? Rwegoshora alifika jana hiyohiyo jioni, akala sahani mbili, akaomba senene wa kufunga kwenye jani ampelekee mama yake.

Ningelia, ila Lameck alikuwa amefungulia mpira kwa sauti ya juu.

Anatolia amesema nimtukane Mama Uwizeye kwa lugha nyingine yoyote, lakini si kwa kukataa sahani yake. Amesema nirudi, nile, niombe radhi. Nimemwambia wazo hilo nilikuwa nalo tayari.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimerudi Kibingo. Safari hii nimejipanga. Kabla sijaingia uani nimejificha nyuma ya mgomba, nimevua vyote viwili, cha juu na cha chini. Kibweta cha kuvihifadhia nimekisahau nyumbani. Nikavifunga kwenye kipande cha jani la mgomba, vizuri, kama senene. Nimeingia na kifurushi mkononi.

Nimekula. Ndizi, maharage, senene, ndizi tena. Nimetafuna kahawa mbele ya kila mtu, kwa kishindo. Mama Uwizeye amelainika, akacheka, akauliza bei za msimu zitakuwaje. Nimesema usawa na ustawi, S zote zimetoka safi. Nimeona mwenyewe kura zinarudi.

Nilikuwa nimekiweka kifurushi pembeni ya mkeka. Akaja binti wa nyumbani, akakusanya maganda, majani, kila kitu, akavimwaga kwa mbuzi. Sikushtuka mpaka niliposikia mlio. Si mlio wa jani.

Nimekimbia. Nimemkuta mbuzi, beberu mweusi, anatafuna huku anatazama mbali kama mtu anayekumbuka jambo. Nimemshika taya. Nimepata nusu ya cha chini.

Mama Uwizeye akaja, akaniuliza naumwa nini. Nilikuwa nimeshika mbuzi mdomo, sikuwa na uongo ulio tayari. Nimemwambia yote. Meno, Bukoba, seti ya saba, Jumamosi ile na sahani yake.

Halafu akaingiza vidole kinywani, akatoa safu nzima ya meno ya juu, akaishika mkononi mbele yangu. Ya bandia! Miaka tisa sasa, alisema, na sauti yake ikawa ya mtoto. Akayarudisha. Akasema, "Ungesema tu, mwanangu. Mimi niliumia, nilifikiri umeniona mchawi. Jumamosi waambie watu. Watacheka kidogo, kisha watakupenda."

Mwanamke mwema sana. Siasa hazijui.

Jumanne, 14 Novemba

Nimevaa ya tano, maana ya saba imo ndani ya mbuzi. Imeingia bila shida hata kidogo. Yaani meno hayajasogea, au yamesogea na kurudi. Sitaki kujua.

Saa sita umeingia ujumbe wa Daktari Mutalemwa. Nimeusoma nikiwa nimesimama, nikaumalizia nikiwa nimekaa. Anasema amefurahi kuona meno yangu yamenyooka yote ndani ya wiki moja, jambo ambalo hajawahi kuliona wala kulisoma. Amefurahi zaidi kuona kwamba jino la pembeni alilonitoa kwa mkono wake mwezi Agosti, ili kupata nafasi, limeota tena. Anauliza pia nimewezaje kurudi miaka ishirini na mitano. Nifike Bukoba Alhamisi ya tarehe 23 bila kukosa. Nije na meno yangu.

Therese amepiga simu kwa mama yake dakika tano baadaye. Sikuandika waliyosema. Anatolia aliyarudia yote bila kupunguza.

Lameck anasema makubaliano ya redio yanaendelea.

Jumamosi, 18 Novemba

Uchaguzi. Naandika jioni hii kabla sijala.

Asubuhi nimevua vifuniko, nikaviweka kwenye kibweta, kibweta mfukoni. Ghala limejaa. Afisa ushirika amesema kila mgombea dakika tano na maswali mawili. Rwegoshora ametangulia. Ametabasamu, amesema atajenga kichanja kipya cha kuanikia kahawa, ametabasamu tena.

Mimi nimesimama. Nimesema Uwazi, Usawa, Ustawi bila kikwazo. Nimeongea juu ya mizani na unyevu wa kahawa. Nilikuwa mzuri! Watu walikuwa wanaitikia kwa vichwa.

Likaja swali la kwanza. Mzee yule wa njia panda. Ameuliza: wiki iliyopita ulimi wangu ulikuwa mzito, leo mwepesi. Je, siku ile nilikuwa nimelewa? Na kama hapana, kitu gani?

Nimesema malaria.

Mama Uwizeye akasimama. Sikumwomba! Akasema ndugu wanachama, huyu hakulewa, na wala hakuogopa chakula changu. Huyu ananyoosha meno, ana plastiki za hospitali, zinambana ulimi, na kwangu aliona aibu kuzivua. Akasema mtu anayevumilia maumivu ili ajirekebishe anaweza kuirekebisha na mizani. Watu wakaanza kucheka. Kicheko kizuri, nakiri sasa. Mmoja akapiga kofi. Mwingine akasema tuonyeshe, Polikarpi! Nilichotakiwa kufanya ni kuingiza mkono mfukoni.

Lakini nilimwona Rwegoshora anatabasamu. Meno yote yale. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba namheshimu mama yetu, ila amenifananisha na mtu mwingine.

Amekaa taratibu. Hakunitazama tena. Wakati wa kupiga kura alinyanyua mkono kwa Rwegoshora, na Kibingo nzima ikanyanyua naye. Rwegoshora 96, mimi 41. Anatolia alinyanyua kwangu, ila alichelewa kidogo.

Baadaye Rwegoshora amenifuata nyuma ya ghala. Nilidhani anakuja kunikejeli. Ameangalia kushoto na kulia, akashusha mdomo wa chini kwa kidole. Meno yake ya chini! Yamebanana kama abiria. Miaka yote hii anacheka kwa juu tu. Akaniuliza kwa upole kama ile habari ya Mama Uwizeye ni kweli, na kama ningempa namba ya daktari.

Nimempa. Tarakimu ya mwisho sikuwa na uhakika nayo, nikaweka niliyoipenda.

Jumapili, 19 Novemba

Nimekwenda Kibingo kumwomba radhi Mama Uwizeye. Nilikaa uani mpaka migongo ya mbuzi ikakauka mvua. Alitoka, akasema amenisamehe, kwamba yeye ni Mkristo. Akaniletea ndizi. Nimevua vifuniko mbele yake, nikala. Nilipomaliza aliuliza, "Mbele yangu unaweza. Kwa nini mbele yao ulinifanya mwongo?"

Nimezisifu ndizi zake. Zilikuwa tamu kweli.

Alhamisi, 23 Novemba

Bukoba. Basi la alfajiri. Daktari Mutalemwa amenikalisha kwenye kiti, akaweka picha za Lameck upande mmoja wa kioo cha kompyuta na mdomo wangu upande wa pili. Hakupandisha sauti. Therese alisimama pembeni ameshika trei, naye alikuwa ameipandisha kwa niaba ya wote.

Daktari amesema kuruka seti si kuwahi, ni kuchelewa. Meno hayajui uchaguzi. Mzizi husogea kwa kasi yake, ukiulazimisha unalegea. Amepima upya. Narudi ya nne. Ameuliza kwa siku navaa saa ngapi, kweli ya Mungu. Nimesema kumi na nane. Therese amekohoa. Nimesema tisa.

Nimeona haya, nakubali. Nimemwambia daktari nimejifunza. Nimemwambia kuanzia leo ni saa ishirini na mbili, na hakuna tena njia za mkato. Nilimaanisha. Mpaka macho yalilowa.

Akanipa seti mpya. Hizi zina kidoti cha buluu kwa nyuma, kwenye gego. Amesema ukivaa inavyotakiwa, kidoti kinafifia siku hadi siku, na kwa picha ya kidoti yeye atajua kama nadanganya. Kidoti hakina shemeji, alisema. Nimecheka naye. Nimeuliza, kwa kutaka elimu tu, kinafifishwa na nini hasa. Akasema mate na joto la mwili, ni unyevunyevu tu wa vuguvugu, siku nyingi mfululizo.

Nimefika nyumbani jioni. Nimepata kikombe chenye mfuniko, maji ya vuguvugu, na mahali pazuri karibu na jiko. Anatolia ameuliza ni nini kile. Nimemwambia ni masharti ya daktari.

Ratiba nimeibandika ukutani: kikombe saa ishirini na mbili, mdomo saa mbili. Sijawahi kuwa na nidhamu kiasi hiki.