Kilian Kinunda na Uchaguzi Mkuu wa Nozeli

Enyi mnaokoboa kahawa huko Ruanda ya Umatengo, tueni ndoo. Nanyi mnaoanika usipa, dagaa wa ziwani, mchangani Liuli, waacheni kunguru wale kidogo, maana kunguru nao ni raia. Yaja habari nzito! Nawe, harufu ya petroli, uliyetutia kizunguzungu miaka ile ya soko huria, shuka ulimini pangu nimtaje Kilian Kinunda, mwana wa Umatengo, mpasua ukungu, bwana wa pikapu nyekundu, aliyeichagulia injini yake nozeli, na dunia ikabaki vilevile isipokuwa padogo.

Zilikuwa zama ambazo serikali ilikuwa imechoka kutuchagulia. Tulilala na sabuni ya aina moja, tukaamka tumezingirwa na sabuni za kila rangi, redio za kila umbo, na maduka ya vipuri vya mtumba vilivyovuka bahari kutoka nchi ambazo wenyewe hawavitaki tena. Tukaambiwa, Chagueni! Hatukuambiwa namna.

Kilian akachagua kwa pupa. Akaipeleka injini kwa fundi Cleopa, silinda zikachongwa, zikatiwa pistoni nene na kamshafti yenye nundu kali, hata pikapu ikawa haiendi tena bali inashambulia. Lakini kabureta kongwe halikuweza kulilisha jitu hilo. Katikati ya mlima wa kutoka ziwani, usipa wabichi wakiwa nyuma na jua likiwa utosini, injini ilikohoa, ikapiga magoti, na samaki wakaoza kabla ya kuiona Mbinga. Ndipo Mama Emerensiana, amiri jeshi wa wauza samaki wa Liuli, akatoa tamko.

"Mwambieni huyo kijana, mzigo wetu ukiharibika tena mlimani, tunahamia kwa Twaha. Lori la Twaha milango imefungwa kwa kamba, lakini linafika."

Shujaa akavaa kofia yake ya sufu, akaingia katika ngome ya vipuri ya Mzee Bwanali, pale Mbinga mjini.

"Shikamoo, Mzee Bwanali. Nimekuja kutafuta silaha."

"Marahaba, mwanangu. Silaha ziko mbili, kaa nikueleze." Mzee akaweka juu ya kaunta nozeli nne, kisanduku cheusi na kijiti cha chuma, na kando yake nozeli moja peke yake. "Huu ndio mfumo wa wafalme. Kila silinda na nozeli yake ya kuinyunyizia petroli, hakuna kugombania. Hii kontroli boksi ndiyo akili. Na kijiti hiki hukaa ndani ya bomba la moshi, kinanusa, kinapeleka taarifa: petroli imezidi, petroli imepungua. Ila bomba lisiwe na tundu hata la kupita sisimizi. Likivuja, kijiti kinanusa hewa ya nje, kinasema uongo."

"Na huu mwingine?"

"Huo ni wa wanyonge. Nozeli moja, inakaa palipokaa kabureta. Hainusi chochote. Inanyunyiza tu, kama wewe unavyopulizia dawa mibuni."

Baraza la dukani likalipuka kwa mabishano. Mwalimu Hamphrey, ambaye hajapata kumiliki hata baiskeli, akasimama juu ya kreti la soda na kunguruma: "Ndugu zangu! Taifa linalosonga mbele haliwezi kutegemea nozeli moja!" Makofi yakatikisa mabati. Kilian, machozi yakimlenga, akachagua zile nne.

Cleopa akaziba kila tundu ambalo mawe ya Umatengo yalikuwa yamelitoboa katika bomba la moshi. Na pikapu, iliyokuwa ikinguruma hata ng'ambo ya mabonde, ikanyamaza kama padri anayesali kimoyomoyo.

Sasa, ada ya Liuli ni hii: usipa wabichi hawatolewi kivulini mpaka gari lisikike likikata kilima cha mwisho, na kila mama analijua gari lake kwa ngurumo. Kilian akafika, akakuta barabara tupu. Akapiga honi. Mbuzi wakatawanyika, binadamu hakutoka. Mara nyuma yake lori la Twaha likaja likibweka, na wanawake wakamiminika na vikapu, wakalipakia lori.

"Mama Emerensiana! Mimi hapa! Nimefika kabla yake! Nimepiga honi mpaka mkono umekufa ganzi!"

"Honi ni ya kufukuzia mbuzi, baba. Wewe tumezoea kukusikia ukiwa mbali, tunabeba. Leo umekuja kama mtoza kodi. Nani amtolee samaki mtu anayenyemelea?"

Wanawake wakacheka hadi vikapu vikayumba. Twaha akachungulia dirishani. "Mdogo wangu, hilo gari unavizia nalo panya?"

"Kesho njoo mara moja tu," akahukumu Mama Emerensiana. "Nisipokusikia, usirudi tena."

Kilian akaupanda mlima kwa kasi ambayo haijapata kuonekana, akiwa amebeba upepo. Akamsihi Cleopa atoboe bomba lingurume tena. "Nikitoboa," fundi akajibu, "kijiti kitadanganya, kontroli boksi itachanganyikiwa, na injini itakunywa petroli kama watu wa arusini." Basi shujaa akarudi kwa Mzee Bwanali, akazirudisha nozeli za wafalme mbele ya kadamnasi.

"Mzee, nipe ya wanyonge, ile isiyonusa."

"Unarudi nyuma, ndugu Kilian!" Mwalimu Hamphrey akalia. "Unaliangusha taifa!"

"Mwalimu, taifa halinisubiri Liuli. Anayenisubiri ni Mama Emerensiana."

Kesho yake, bomba likiwa na matundu yake yote ya zamani, pikapu ilikikata kilima cha mwisho kwa kishindo kilichokatisha mazungumzo hadi kijiji cha Mbaha. Vikapu vikakimbia kuipokea. Kisha mlima! Nozeli ile moja ikanyunyiza, ikanyunyiza. Kwenye kona kali injini ikapiga chafya, shujaa akamwahidi Mungu mishumaa asiyokuwa nayo. Ikashika tena, ikanguruma, ikapanda.

Sokoni Mbinga, wanahistoria hawakuwapo. Walikuwa wakishughulika na mambo ya ubinafsishaji. Alikuwapo Dorothy, mama wa kununua, asiyedanganyika. Akachota usipa kiganjani, akawakaribisha puani. Basi yawekwe katika kitabu cha tarehe ya taifa, baada ya sura ya vita na kabla ya ile ya katiba, maneno aliyoyatamka:

"Hawa wa leo. Nipimie bakuli mbili."