Oili Ilikimbilia Kushoto

Jumapili, 3 Agosti 2025

Gari limefika! Jekundu, milango miwili, limeinama kama kenge anayevizia vifaranga. Nusu ya Nachingwea imekuja kuliangalia. Ni mtumba, ndiyo. Hata shati langu ni mtumba na bado napendeza.

Jumamosi linampeleka Hajra kwa mumewe Ruangwa. Mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu hajaota meno. Nilimwahidi siku yake ataondoka kama binti wa waziri.

Jirani yangu Dominiko akaja, akauliza abiria wengine wanakaa wapi, kwenye buti? Huyo ana kirikuu, kipikapu cha kubebea mbuzi na mihogo. Mwenye kirikuu anamkosoa mwenye gari la mbio! Dunia imeisha.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimelijaribu kwenye kipilefti cha mjini. Msafara wa harusi usipozunguka kipilefti kwa honi, hiyo si harusi, ni msiba wenye pilau. Nikakanyaga mafuta. Mzunguko wa pili, taa nyekundu ya oili ikawaka! Kwenye barabara iliyonyooka, ikazima.

Fundi Bashiri akasema ndio ugonjwa wa hivi vigari vya mbio vya bei nafuu. Bakuli la oili chini ya injini ni bapa, halina vizuizi. Ukikata kona kwa kasi oili yote inakimbilia upande mmoja, pampu inanyonya hewa, vyuma vinasagana vikavu. Dawa? Eti punguza mwendo. Miaka yote ya ufundi, halafu dawa hata bibi yangu anayo! Kwa mwendo huo si ningenunua punda?

Jumatano, 6 Agosti

Nimewaza mwenyewe, nikiyumbisha bakuli la uji. Fizikia ya kidato cha pili haijanitoka, ingawa mimi nilikitoka. Kipilefti kinapinda kulia, oili inakimbilia kushoto. Basi gari lilalie kulia, oili irudi nyumbani! Unatakiwa uzito tu. Na uzito upo: Shangazi Fatu wa Chiola. Akikaa kwenye benchi, wa mwisho upande wa pili anapaa.

Mke wangu Sikuzani akauliza kama nimekula kitu kibovu. Hakusoma fizikia.

Alhamisi, 7 Agosti

Majaribio! Shangazi nyuma yangu, kulia. Nilimwambia ni kiti cha heshima, akavaa kitenge kipya. Tukazunguka. Taa kimya! Kweli gari lilielemewa, likatambaa. Mwenye baiskeli na mzigo wa kuni alitupita akitusalimia. Lakini taa kimya!

Bashiri akasema haikuwaka kwa sababu tulitambaa. Wivu wa mafundi.

Jumamosi, 9 Agosti

Aibu! Hajra kakaa mbele, hina mpaka kwenye viwiko, anang'aa. Shangazi nyuma. Mpaka hapo raha tupu. Dominiko akachungulia, akauliza mbona gari limelala upande kama kuku mgonjwa. Bora ningenyamaza! Nikamweleza kwa sauti, mbele ya wapiga tarumbeta, kwamba Shangazi ndiye kifaa, bila uzito wake oili inahama.

Shangazi akaniuliza, "Kumbe mimi gunia, we mtoto?"

Akataka kushuka. Ikabidi nishuke kwanza mimi, kiti kikunjwe, watu watatu wamvute. Akaenda kupanda kirikuu cha Dominiko, kiti cha mbele.

Niende polepole? Mbele ya watu wote wale? Nikaiziba taa ya oili kwa plasta, Hajra asiingiwe na hofu siku yake. Nikakanyaga. Mzunguko wa kwanza, vigelegele. Wa pili, vigelegele zaidi. Wa tatu, injini ikagonga kama mtu anatwanga mawe kwenye kinu, ikatema moshi, ikanyamaza. Bashiri akaja, akasikiliza, akavua kofia kama yuko makaburini. Injini imenoki, imekufa.

Dominiko hakucheka, na hilo ndilo liliniuma. Alitandika shuka jeupe kwenye kiti cha mbele. Shangazi akampisha Hajra, akaja kukaa nyuma na sisi, mimi na tarumbeta na harufu ya mbuzi. Kirikuu kikalalia upande wake mpaka Ruangwa, na oili yake haikuhama hata tone. Nililiona hilo. Nikalihifadhi.

Tulipofika, Hajra alinishika mkono kabla ya mtu mwingine yeyote. Akasema, Mjomba, binti wa waziri gani ameingia Ruangwa amekaa juu vile, kila mtu anamwona? Nikalia. Nikasingizia vumbi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimefanya tathmini. Gari halina kosa. Dereva hana kosa. Kosa ni kutumia kifaa chenye masikio.

Injini nyingine inatoka Dar, aina ileile, sitaki mageuzi. Bashiri anashauri tuweke vizuizi kwenye bakuli la oili, la sivyo nipunguze mwendo. Bado anaimba wimbo huo! Nimeshanunua magunia ya ufuta, yatakaa kulia, yamefungwa kamba.

Nimemwambia Dominiko kwamba Desemba binti yake Rozalia nitampeleka kanisani mimi, bure, kama shukrani. Alishika mlango wa kirikuu, akacheka mpaka akakaa chini.

Acha acheke. Gunia halinuni.