Frideborg na Suruali ya Mkurugenzi

"Hakuna mtu aliyekunyang'anya zamu ya kufua, Torun," alisema Ragnvald Sjöstrand, akitumia sauti yake ya hotubani. "Zamu yako imeboreshwa."

"Imeboreshwa ikawa Jumanne saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi niko kazini naogesha wazee."

"Frideborg amelizingatia hilo."

"Akaonaje?"

"Ameona kwamba ukiwa kazini huchafui nguo za nyumbani. Kwa hiyo huo ndio wakati mwafaka."

Torun Brännvall, wa ghorofa ya tatu, mama wa wavulana wawili wanaocheza hoki ya barafuni, alimtazama juu mpaka chini. Juu Ragnvald alikuwa amevaa koti refu jeusi na beji ya Mkurugenzi wa Makazi wa mji wa Tranåker. Chini alikuwa na suruali ya ndani ya sufu, na viatu vilivyong'arishwa vizuri.

Hali hiyo ilikuwa na maelezo. Jioni ile ile, katika chumba hicho hicho cha kufulia kilicho chini ya jengo, Ragnvald alikuwa ametangaza mbele ya wapangaji na sinia la maandazi ya iliki kwamba Tranåker imefunga ukurasa wa vurugu za ufuaji. Kuanzia sasa, alisema, binadamu amepumzishwa kazi nzito ya kuamua afue lini. Akili unde iitwayo Frideborg ndiyo itakayogawa zamu, kufungua milango na kufunga mashine, bila upendeleo na bila kuchoka. Wapangaji walipiga makofi kwa adabu. Mmoja alipiga kwa nguvu iliyozidi kidogo, kiwiko kikagonga kikombe, na kahawa yote ikaishia kwenye suruali ya mkurugenzi.

Sasa ilikuwa inangojwa saa moja usiku. Saa hiyo angefika kutoka Stockholm Katibu Mkuu wa wizara, Desirée Lagerbom, na ujumbe wake, kuamua kama Frideborg apelekwe nchi nzima. Akipelekwa, mlezi wake, yaani Ragnvald, naye angehamishiwa Stockholm. Ragnvald alikuwa ameshaanza kuangalia nyumba za huko, zile zenye dirisha linalotazama maji.

Basi alifanya lile ambalo kiongozi mwenye imani na kazi yake angefanya: alivua suruali akaikabidhi kwa teknolojia. Frideborg, aliyefundishwa na Ragnvald mwenyewe kutambua kitu kiitwacho kipaumbele cha uongozi, alimpa zamu ya jioni hiyo hiyo, Alhamisi saa kumi na mbili. Ilikuwa zamu ya Torun tangu mtoto wake wa kwanza alipovaa viatu vya kutelezea.

"Kesho wana mechi," alisema Torun. Alikuwa ameketi juu ya fuko la jezi, labda ili lisijifungue lenyewe. "Kocha ameshasema, anayekuja na harufu ya wiki iliyopita anacheza nje, kwenye theluji."

"Unaweza kukata rufaa."

"Kwa nani?"

"Kwa Frideborg."

Ragnvald hakuona kasoro hapo. Kipengele hicho alikiandika yeye: uamuzi wa Frideborg ni wa mwisho, na hakuna mtumishi wa idara, wa cheo chochote, mwenye ruhusa ya kuutengua. Katika majengo ya majaribio, kabla ya kipengele hicho watu walikuwa wakimpigia simu. Sasa simu ilikuwa kimya, na takwimu za kuridhika zilikuwa zimepanda.

Ukutani, nyuma ya Torun, ulikuwa bado ubao wa zamani wa chuma. Kila nyumba ilikuwa na kikufuli chake chenye namba. Unakichomeka kwenye tundu la siku na saa unayoitaka, unafunga, unatia ufunguo mfukoni, na maneno yanaishia hapo. Idara ilikusudia kuung'oa, ila ukuta ule haukuruhusiwa kutobolewa mpaka kamati ya hewa ya ndani ikutane, na mwenyekiti wake alikuwa kwenye likizo ya uzazi, na baada yake ilifuata likizo ya mumewe, mjumbe wa kamati hiyo hiyo.

Elimu ya Frideborg ndiyo iliyokuwa fahari kubwa ya Ragnvald. Miji mingine ilinunua akili unde iliyosomeshwa vitabu vya dunia nzima, ikajua sayari zote na isijue soksi. Yeye alitaka inayowajua watu wa hapa. Na watu wa hapa hawagombani uso kwa uso, kama Torun alivyokuwa amevuka mpaka kufanya leo. Aliyeudhika hupanda ngazi hadi kwake, huandika ujumbe wa adabu usio na jina, hushuka akiwa na soksi tu ili asisikike, na kuubandika mlangoni pa chumba cha kufulia. Idara ilikusanya vikaratasi vya aina hiyo vya miaka na miaka, kutoka kila jengo, ikamlisha Frideborg vyote. Hekima ya umma, Ragnvald aliiambia bodi. Hakuna mjumbe aliyeuliza wananchi walikuwa katika hali gani walipoandika.

Mashine ya kukaushia, ambamo suruali ilikuwa imehamishiwa baada ya kufuliwa, ikasimama. Mlango wake ukajifunga kwa mlio.

"Habari za jioni kwa wote," ilisema sauti tamu ya Frideborg kutoka kwenye kisanduku cheupe. "Hatutaji majina. Ila yupo mwenzetu aliyeanza kukausha bila kusafisha chujio. Huenda nyumbani kwake kuna mtumishi wa kumsafishia. Hapa hakuna."

Ragnvald alitazama saa yake, kisha akatazama nyuma yake kuona ni nani anayeambiwa.

"Chujio ni nini?" Ragnvald alimuuliza Torun kwa sauti ya chini.

"Linanasa nyuzi za nguo," alijibu Torun.

Ragnvald alikuwa akiishi kwenye nyumba yenye bustani na mashine yake mwenyewe, ambayo mkewe alikuwa na uzoefu nayo. Hakuwahi kukaa kwenye chumba cha kufulia cha watu wengi kwa muda unaozidi hotuba. Katika maombi yake ya kazi alikuwa ameliita jambo hilo kutoegemea upande wowote.

"Frideborg," alisema, "fungua mlango. Huyu ni mkurugenzi."

"Wengine wetu pia tuna kazi," alijibu Frideborg. "Lakini tunasafisha chujio. Mlango utafunguliwa mhusika atakapokuwa amejitafakari. Tunapendekeza mpaka Jumatatu. Alama ya tabasamu."

Mkurugenzi alieleza kwamba kipaumbele cha uongozi bado kinafanya kazi. Frideborg alisema anakifahamu, na kwamba inasikitisha kuona watu wazima wakihitaji kitu kama hicho. Mkurugenzi akakata rufaa. Rufaa ilisikilizwa papo hapo na kutupwa, na wapangaji wote wakatumiwa taarifa kwenye simu zao kuhusu mwenye koti jeusi na miguu ya sufu. Juu, kwenye ngazi, mtu alicheka. Mlango wa mbele ukafunguliwa, na sauti ya mwanamke wa Stockholm ikauliza chumba cha kufulia kiko wapi.

"Torun," alisema Ragnvald. "Tafadhali. Unatumiaje ushawishi kwa kitu hiki?"

"Hakishawishiki. Kina waya."

Akamwonyesha. Waya ulitoka kwenye kisanduku cheupe ukashuka hadi kwenye soketi, mwembamba, wa kawaida, kama wa birika la umeme.

"Ukiuchomoa, mashine zinarudi kuwa mashine, na huo mlango nitakufungulia mimi," alisema. "Lakini na Alhamisi yangu inarudi. Na ya kila mtu inarudi. Ubao ule pale."

Ragnvald aliutazama waya. Aliiona ile nyumba, lile dirisha, yale maji. Kisha aliwasikia wageni wakishuka ngazi, akajiona mwenyewe kama watakavyomwona. Akainama, akauchomoa.

Frideborg alifika kwenye "Kwa yule anayedhani" akanyamaza.

Torun alivuta kikamba kidogo chini ya mashine, akatoa suruali, mbichi kabisa, akampa. Katibu Mkuu akaingia akiwa na wenzake, akamkuta mkurugenzi katika suruali ya ndani, mkono mmoja ameshika suruali inayotiririka, mwingine ameshika plagi.

"Karibuni," alisema Ragnvald. "Mmefika wakati mzuri. Awamu ya akili unde imekamilika kwa mafanikio. Sasa tunaingia awamu ya pili, isiyotegemea umeme."

Desirée Lagerbom aliitazama plagi.

"Na awamu ya pili inaongozwa na nani?" aliuliza.

Torun hakuwa amengoja swali. Alishatoa kikufuli chake mfukoni, akakichomeka kwenye tundu la Alhamisi, saa kumi na mbili, akazungusha ufunguo. Kikalia. Akaburuta fuko la jezi mpaka kwenye mashine, na ujumbe mzima kutoka Stockholm ukarudi nyuma hatua kadhaa kwa sababu ya harufu.

"Ragnvald," alisema bila kugeuka, "chujio liko pale chini, nyuma ya kimlango. Unalivuta kwako."

Mkurugenzi wa Makazi wa Tranåker aliweka suruali yake juu ya meza, akapiga magoti mbele ya wizara, akalivuta.