Slabu Yangu Mbele ya Bwana Afya

Wenzangu wa kozi, leo nimeadhirika mchana kweupe. Naandika mikono bado ina vumbi la saruji, maana nikingoja hadi kesho nitaanza kujitetea.

Mnakumbuka mwalimu wetu wa michoro alivyokuwa anatukaririsha? Kila kitu ni maumbo. Chukua umbo kubwa, jumlisha unayoyataka, toa usiyoyataka. Meza ni ubao kujumlisha miguu minne. Bomba ni gogo nene kutoa gogo jembamba. Mimi nilirudi kijijini na hesabu hiyo kichwani, na maringo juu yake. (Cheti nimekitundika sebuleni. Wageni wote lazima wakisome.)

Basi, kijiji chetu cha ujamaa, hapa nyuma ya Mikindani, kimeagizwa kila nyumba iwe na choo cha shimo chenye slabu ya zege. Mwenyekiti wetu, Mzee Chitanda, akaniita.

"Somoe, wewe ndiye uliyesoma. Tengeneza moja ya mfano, kwenye choo cha ofisi. Bwana Afya akiipitisha, kazi ya slabu zote ni yako. Asipoipitisha, unarudi na wenzako kwenye palizi."

Jamani! Shamba la kijiji mnalijua. Kengele saa kumi na mbili asubuhi, jembe begani, mihogo haina mwisho. Hiyo slabu ningeitengeneza hata kwa meno.

Nikachora. Mraba, hilo umbo kubwa. Nyayo mbili za kukanyagia, hizo najumlisha. Katikati duara, hilo ndilo tundu, natoa. Nilichora kama unavyoiona ukiwa umesimama juu yake. (Kuichora kwa ubavuni niliona ni kupoteza karatasi.) Nikapiga boksi la mbao chini kwenye mchanga, kimo chake inchi mbili. Kwa ajili ya tundu nikachonga kigogo cha mkorosho, inchi mbili vilevile, nikakipaka oili chafu niliyoomba kwa dereva wa lori la bandarini. Nikakipigilia chini ya ubao mmoja uliolala juu ya boksi, kikaning'inia katikati hadi kugusa mchanga. Zege linakizunguka, linakauka, nachomoa kigogo, tundu hilo. Raha mustarehe.

Kabla sijamwaga zege, Mwenyekiti akapita. Akapima boksi kwa kidole.

"Mbona jembamba? Mgeni anayekuja ni mtu mkubwa huyu. Ongeza inchi moja."

Nani wa kubishana na Mwenyekiti? Nikaongeza mbao juu ya boksi, nikaurudisha ubao wangu na kigogo chake juu ya hizo mbao, tukamwaga zege. Wiki nzima nikalinywesha maji. Kigogo nikawa nakizungusha kila asubuhi kisigande, lakini sikukitoa. Nilitaka nikitoe mbele za watu. (Kiherehere. Najua.)

Leo saa nne Landrova ikafika. Slabu tayari imeshawekwa juu ya shimo, ukuta wa makuti bado, kwa hiyo kijiji kizima kinaona. Nimevaa gauni langu la Idi. Bwana Afya akashuka, mwembamba kama ufito! Inchi yote ile ya nini?

Nikasimama mbele. Sauti ya mwalimu kabisa.

"Shikamoo Bwana Afya. Hili ndilo umbo kubwa. Hapa nimejumlisha nyayo mbili. Na sasa, natoa!"

Nikachomoa kigogo, nikakiinua juu. Makofi! Vigelegele! Mama yangu akatandika kanga yake chini nipite. Mimi nawatazama watu tu, meno yote nje.

Bwana Afya akainama kutazama tundu. Akakaa vilevile ameinama.

"Binti, tundu hili linaishia wapi?"

"Shimoni, Bwana Afya."

"Hebu nipeni maji."

Akaletewa kata, akamimina. Maji yakajaa, yakatulia tuli. Kuku wa Bi Mwajuma, bibi anayekaa jirani na ofisi, akapita katikati ya miguu ya Mwenyekiti, akapanda juu ya unyayo wa kushoto, akanywa. Akainua kichwa, akameza, akanywa tena.

Bi Mwajuma akapaza sauti: "Mwacheni anywe! Tangu asubuhi hajapata maji huyo."

Watu waliangua kicheko hadi wengine wakakaa chini. Hapo ndipo akili ikanijia. Slabu niliiongeza inchi, kigogo sikukiongeza. Kilining'inia hewani, na chini yake zege likapita, inchi nzima! Na kwenye mchoro wangu wa juu, duara ni duara tu, liwe limetoboka au halijatoboka.

Nikamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama minazi.

Nikakimbia kuleta tindo na nyundo. Nikalala kifudifudi juu ya slabu, na gauni la Idi, nikagonga. Wapi! Zege nililinywesha mwenyewe wiki nzima. Nikagonga hadi jasho likaingia machoni. Mara likaachia: kipande cha zege, maji na tindo langu, vyote chubwi shimoni.

Nilitamani nilifuate tindo.

Bwana Afya akaandika kwenye daftari lake. "Slabu hii itatumika, ila kingo za tundu zimemeguka. Siwezi kuipitisha. Nitarudi kuona ya pili mvua zikiisha."

Mvua zikiisha! Mwenyekiti akanigeukia. "Basi Somoe, kesho saa kumi na mbili. Njoo na jembe."

Machozi yalinilenga, sifichi. Ndipo Bi Mwajuma akasogea mbele.

"Mwenyekiti, mpe ruhusa ya siku mbili. Nami nataka slabu yangu. Lakini iwe kama ilivyokuwa mwanzo, kabla hajaiharibu. Kuku wangu wameipenda."

Na Mwenyekiti akakubali, mbele ya watu wote!

Kwa hiyo kesho siendi palizi. Mimi ni fundi rasmi wa kijiji kwa siku mbili, na wateja wangu ni kuku. Atakayecheka kati yenu, siku akijenga choo nitakuja mwenyewe kumtengenezea slabu, na nitamwongezea inchi moja.