Mama Mkwe, Mimi na Gari Lenye Kitanda

Wenzangu wa Kivinje, leo sina uso. Nimeumbuka mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima cha Milola, na Mama mkwe wangu akiwa mstari wa mbele. (Mstari wa mbele ni kusema tu. Alikuwa ndani kabisa.)

Nianze na Saidi, maana balaa zangu zote huanza na Saidi. Saidi ni mwanyumba wangu: yeye kamwoa Zuhura, mimi nimemwoa mdogo wake, Somoe. Mimi fundi cherehani pale Lindi mjini, tangu Uhuru nashona bendera na sare za shule mpaka vidole vimeota sugu. Yeye ni karani wa ushirika wa korosho. Sukari ikiadimika, Saidi anajua ilipo. Sabuni ikiadimika, Saidi anayo kabatini. Basi tukifika ukweni ni "Mkwe wangu Saidi huyo!" Mimi je? Mimi ni "yule mume wa Somoe". Namwonea wivu Saidi, sifichi. Namwonea wivu hata anavyokohoa.

Nilikuwa nataka jambo moja tu: siku moja Mama mkwe aseme mbele ya watu, "Mkwe wangu," na anayetajwa niwe mimi.

Na leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mama mkwe amehamia nyumba mpya katika kijiji cha ujamaa, akaandaa karamu, akatuita wakwe zake wote wawili tushinde na tulale. Sasa tulale wapi? Mnajua mkwe halali chini ya paa la mama mkwe. Safari zilizopita tulilala msikitini, mimi na Saidi. (Yeye akaletewa mkeka mpya. Mimi nikaletewa salamu.)

Ndipo nikapata akili. Wahandisi wa barabara wamerudi kwao Ulaya, wakaacha kwa dalali magari yao mawili yaliyokwisha tumika. Moja la bluu, limewekwa mabenchi ya mbao huku na huku, basi. La pili jeupe, na hilo, wenzangu, lilikuwa nyumba! Benchi moja la sponji ukilivuta linakuwa kitanda. Jiko dogo la mafuta ya taa. Kabati. Kifuniko cha paa kinachoinuka upate hewa. Na mapazia! Kitambaa kizito cha kijani chenye maua, pindo limeshonwa kwa mkono, halikukunjamana hata mahali pamoja. Mimi mtu wa nguo, niliyashika yale mapazia nikasahau kuangalia magurudumu. Nikajiona nimeegesha Milola, pazia limeshushwa, nalala kitandani kama bwana mkubwa huku Saidi anakwenda msikitini na mkeka wake.

Asubuhi ya leo nikawahi kwa dalali. Nani namkuta? Saidi! Yuko chini ya gari langu jeupe, miguu tu ndiyo inaonekana. Akatoka, akalizunguka. Akafungua mlango wa ubavuni, akaufunga. Akazunguka tena, akaufungua tena. Huyu analitaka!

"Mwanyumba," akaniambia, "huu mlango..."

"Nimeshalichukua," nikamkatiza.

"Sawa, lakini huu mlango..."

"Usinitie maneno, Saidi. Nimeshalichukua!"

Dalali naye akashangaa, maana hata salamu nilikuwa sijampa. Saidi akanitazama kidogo, akainua mabega, akaenda kuchukua lile la bluu la mabenchi. Mimi nikaondoka nacheka peke yangu njia nzima. (Kwa leo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka.)

Tukaingia Milola adhuhuri, mimi mbele, Saidi nyuma anakula vumbi langu. Kijiji kikatoka chote. Wanawake, watoto, ndugu mwenyekiti wa kijiji, hata waliokuwa shamba la kijiji wakaja na majembe begani. Na wote, wenzangu, wote walikuja upande wangu! "Lina jiko!" "Lina kabati!" "Tazama paa linainuka!" Saidi amesimama peke yake na mabenchi yake. Nikamwonea huruma kidogo, kama punje hivi.

Mama mkwe akatoka nje, kanga kichwani, akasimama mbali kama heshima inavyotaka. Pale ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Lakini Zuhura akasema, "Mama, twende ukapande la Saidi, akutembeze kijiji." Nikahisi mkuki. Nikapaza sauti: "Somoe, mwambie Mama apande langu. Langu lina sponji!"

Somoe akanikodolea macho. "Mume wangu, si ndiyo kitanda chako hicho?"

"Kitanda usiku. Sasa hivi ni kiti."

Mama mkwe akasita. Akachungulia, akaona kiti kweli, kimekunjwa vizuri, kina foronya ya maua. Akapanda. Nikamshushia pazia jua lisimchome, nikafunga mlango, nikaenda mbele kushika usukani. (Kati ya mbele na nyuma hakuna njia, kabati limeziba katikati. Likumbukeni hilo kabati.) Tukaanza. Watu wanapiga vigelegele, mimi napiga honi, Saidi anatazama tu. Hizo dakika chache, wenzangu, nilikuwa nimeshapata kila kitu.

Mbele ya ofisi ya kijiji kuna korongo la maji ya mvua. Nililiona nikiwa ndani yake. Gari likaruka, likatua limeinama upande mmoja, na huko nyuma nikasikia kitu kinasema *kacha!* Kisha sauti ya Mama mkwe: "Yallah!"

Nikaruka chini, nikafungua mlango wa ubavuni, nikaingia mzima mzima. Benchi lilikuwa limefyatuka. Limekuwa kitanda. Na Mama mkwe wangu kalala chali juu yake, kanga kule, kiatu huku. Nikageuka haraka nitoke. Gari limeinama, mlango ukajirudisha wenyewe, *baa!* Nikavuta. Nikasukuma. Nikapiga bega. Haufunguki!

Hesabuni wenyewe. Mchana. Mkwe na mama mkwe. Gari moja. Kitanda kimoja. Mapazia yameshushwa.

Huko nje nikamsikia ndugu mwenyekiti: "Ndugu zangu, ujamaa ni kushirikiana, lakini hii sasa imezidi."

Mama mkwe alikwisha kaa, kajifunika kanga gubigubi, uso kaupa ukuta. Na kwa kuwa mama mkwe hasemi na mkwe wake hivi hivi ana kwa ana, akasema na jiko.

"Jiko, mwambie mume wa Somoe atoke humu."

Nami nikageukia jiko. "Jiko, mwambie Mama mlango umekwama."

"Jiko, muulize alinunua gari au alinunua mtego."

Jiko halikujibu. Ndipo nikaliona lile paa. Nikapanda juu ya jiko, birika likaanguka, nikasukuma kifuniko, nikatoa kichwa, nikatoa mabega, nikatoa kifua. Tumbo likakataa. Juu nusu yangu iko nje inatazamana na Milola yote, chini nusu yangu inaning'inia mbele ya Mama mkwe, inapiga mateke.

Saidi akaja taratibu mpaka chini yangu, mikono nyuma.

"Mwanyumba. Vipi huko juu?"

"Napunga hewa."

"Ina baridi?"

"Wastani."

Nikajivuta kwa nguvu zangu zote. Nikasikia *mrrrr!* Nyie, mimi naijua sauti ya mshono ukiachia kuliko ninavyoijua sauti ya mke wangu. Ilikuwa suruali yangu, kutoka kiunoni kwenda chini, na niliishona mwenyewe. Fundi niliyeshona bendera inayopepea pale bomani! Upepo ukanipiga pasipotakiwa. Na kutoka chini, nikamsikia Mama mkwe anasema kwa upole kabisa:

"Jiko, fumba macho."

Walio karibu na dirisha walisikia. Wakawaambia walio mbali. Mimi nilikaa pale juu nikaangalia kicheko kikienda nyumba hadi nyumba, mstari mzima, mpaka ile ya mwisho.

Saidi akauendea mlango. Hakuusukuma wala hakuuvuta. Akaupiga kisigino pembeni, chini, mara moja, ukafunguka kwa adabu. Akasimama kando Mama mkwe apite, akatazama chini kama mkwe mwema.

"Asubuhi nilitaka kukwambia," akasema. "Niliufungua mara mbili, nikaona haufai."

Kumbe hakulitaka! Pesa zangu zote nimezimaliza kumshindania mtu kitu alichokwisha kikataa.

Mama mkwe akazungushwa kijiji na gari la bluu, kwenye mabenchi, yeye na mashoga zake wote, wanaimba. Mimi nilitolewa na wanaume wanne, nikavishwa kanga ya Somoe kiunoni.

Baada ya pilau (yangu ililetwa garini) Somoe akaja na maamuzi. Nimemvunjia Mama heshima, lazima nimwombe radhi. Nikasema nitatoa kuku. Hataki. Doti ya kanga. Hataki.

"Anataka yale mapazia," Somoe akasema. "Nyumba mpya haina mapazia. Anasema umeyachagua vizuri sana. Kasema mbele ya wote, 'Mkwe wangu ana jicho la nguo.'"

"Kasemaje? Rudia."

"Mkwe wangu."

Nikayavua yote kwa mikono yangu mwenyewe. Hata kile kipazia kidogo cha kwenye jiko.

Kwa hiyo ninavyowaandikia, jua bado halijazama, nimejilaza kitandani kwangu kwenye gari la vioo vitupu, na Milola yote inapita kuniangalia nilivyolala. Wengine wamekuja na wageni. Na sasa hivi tu mlango umepigwa kisigino, pembeni, chini, mara moja. Saidi, na mto wake kwapani.

"Sogea, mwanyumba. Mabenchi yanaumiza mbavu."

Nimesogea. Amechukua upande wa ukutani, akageuka, akalala hapo hapo. Hata usingizi amenitangulia.

Basi mkicheka huko Kivinje, chekeni kwa sauti ya chini. Wakwe wa Mama tuko wawili humu, na mwenzangu amelala.