Mashimo Tisa ya Mwalimu Tarsisi

Jumatatu, 3 Septemba 1973

Habari kubwa! Mwalimu Mkuu, Mzee Ngassa, ametukusanya ofisini wakati wa mapumziko akatusomea barua. Mkaguzi wa michezo anakuja shuleni kwetu Ijumaa ya wiki ijayo. Atachagua mwalimu mmoja wa kupelekwa Dar es Salaam kusomea elimu ya viungo. Mwaka mzima! Nimehisi miguu inataka kutangulia.

Wote wamemgeukia Mwalimu Kamili. Hata mimi nimegeuka, shingo iliniwahi. Kamili ndiye mwenye timu ya mpira, na timu yake ndiyo yenye ngao ya tarafa. Ngao yenyewe ni ubao uliopakwa rangi ya fedha. Ameutundika juu ya kiti chake ofisini, akiketi anaonekana kama chifu. Ametabasamu, akasema uamuzi ni wa Mkaguzi, si wake. Mnafiki.

Mimi nina mazoezi ya asubuhi. Kuruka, kunyoosha mikono, kuchuchumaa. Nimechuchumaa miaka minane hapa jirani na Maganzo, na wenzangu niliosoma nao sasa ni walimu wakuu! Nahitaji kitu ambacho hakuna shule ya msingi mkoani iliyowahi kukiona.

Nimemweleza mke wangu. Paskazia amesema nimwombe Mungu, na nikimaliza niezeke jiko.

Jumanne, 4 Septemba

Nimepata! Gofu!

Nimekutana na jirani yangu Maduhu, anayekata nyasi kwenye uwanja wa gofu wa mgodi wa almasi. Nimemuuliza mchezo unakwendaje. Amesema ni rahisi: kuna kishimo, kuna kimpira, kuna fimbo. Unapiga mpira mpaka uingie shimoni, unahamia shimo jingine, hivyo hivyo mpaka jua likuchoshe. Nimeuliza wanasimamaje. Amefikiri sana.

"Wanasimama kama mtu aliyetaka kuchuchumaa akaghairi."

Kuchuchumaa! Fani yangu!

Amenipa mipira kumi na mmoja aliyookota mtaroni, na fimbo moja ya chuma iliyotupwa kwa kupinda. Mimi nimempa jogoo. Jioni Paskazia ameuliza jogoo yuko wapi. Nimesema yuko katika maendeleo ya elimu. Hakucheka.

Alhamisi, 6 Septemba

Somo la kwanza, darasa la sita. Watoto arobaini na saba, fimbo moja. Nilikuwa nimewaambia waje na fimbo zao za kuchungia ng'ombe, zile zenye kifundo mwishoni. Hakuna aliyekosa. Nimeeleza miguu, magoti, kiuno na shingo kwa dakika ishirini. Kisha nikaonyesha. Nikapiga udongo. Nikapiga tena, nikapiga hewa. Mara ya tatu mpira ulikwenda nyuma yangu, jambo ambalo mpaka sasa silielewi.

Anisia ameomba kujaribu. Huyu ni binti wa Mzee Mageni, mrefu, mkimya, wa mkono wa kushoto. Baba yake alishamwambia Mwalimu Mkuu kwamba mwaka huu ukiisha atamtoa shule, masomo aliyopata yanamtosha. Hakuchuchumaa hata kidogo. Ameupiga mpira kama anayefukuza fisi. Umevuka uwanja, umevuka barabara, haukuonekana tena. Darasa limepiga vigelegele. Nimemkosoa magoti. Ameniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, kwani unatakiwa uende karibu?"

Mpira ulikuwa umetua kwenye paji la uso la fahali wa baba yake.

Saa saba Mzee Mageni amefika, fahali nyuma yake, ana nundu ya pili. Nimesema shikamoo. Amesema marahaba kwa sauti ya kunipiga. Akataka kumjua aliyefanya hivyo.

"Ni Anisia wako, baba."

Amelipapasa paji la fahali. Kisha akauliza alikuwa amesimama wapi. Nimemwonyesha. Ametazama pale, akatazama malishoni ng'ambo ya barabara, akatazama pale tena.

"Kutoka pale?"

Safari hii sauti ilikuwa nyingine kabisa. Ameondoka na fahali wake, kila hatua kumi anageuka nyuma.

Ijumaa, 7 Septemba

Kikao cha walimu. Kamili amesimama, akashusha pumzi kama mtu anayeumizwa na ukweli, akasema gofu ni mchezo wa mabwanyenye. Akasema Azimio halikuandikwa ili watoto wa wakulima waige starehe za mabosi wa mgodini. Macho yote kwangu!

Sijui maneno yalitoka wapi. Nimesema hii siyo gofu ile. Hii ni Gofu ya Kujitegemea! Fimbo ni zetu. Mipira ni matunguja ya porini (sikutaja kwamba mipira ya Maduhu imebaki minne). Wala hakuna mshindi mmoja, mapigo ya darasa zima yanajumlishwa pamoja, kijamaa.

Mzee Ngassa amekuna kidevu. Ameniruhusu niendelee, ila nisiguse uwanja wa mpira. Nimesema ndiyo, Mwalimu Mkuu.

Tatizo ni moja. Shule nzima hakuna ardhi tambarare ya kutosha isipokuwa uwanja wa mpira.

Jumamosi, 8 Septemba

Nimegusa uwanja kidogo.

Mashimo tisa! Maduhu alisema tisa yanatosha kwa wanaoanza. Nimepima kwa kamba, nimechimba peke yangu mchana kutwa, na kila shimo nimelisimikia kibendera cha khanga kuukuu ya Paskazia. Shimo la sita limeangukia katikati ya goli. Sikukusudia, kamba ndiyo iliyotaka.

Watu wamesimama barabarani kutazama. Mtu mmoja wa Maganzo ameshuka kwenye baiskeli, akaja mpaka shimoni, akauliza nachimba nini. Nimemjibu kwamba siwezi kusema lolote mpaka Mkaguzi wa serikali afike Ijumaa. Ameuliza kama wengine wanajua. Nimemwomba afunge mdomo kabisa. Akainama, akachota udongo kidogo, akausugua vidoleni akiutazama juani. Kisha akapanda baiskeli na kuondoka mbio mno.

Sikujua kama watu wa huku wanapenda michezo hivi.

Jumapili, 9 Septemba

Ee Mungu wangu.

Tumetoka kwenye Misa, mimi na Paskazia, tukaona vumbi juu ya shule. Nilidhani ni kundi la ng'ombe. Ni watu! Wabeshi wote wa Maganzo, wale wachimbaji wa kuvizia almasi, pamoja na wake zao, majembe, machekeche na masufuria. Hata katekista yumo, na kanisani tulikuwa tumeambiwa anaumwa. Wanachimba uwanja mzima. Wanasema serikali imegundua almasi chini ya goli na inaficha mpaka Ijumaa.

Nimepanda juu ya tofali nikapaza sauti kwamba hakuna almasi, ni gofu! Ni gofu! Wamesimama kidogo. Mmoja ameuliza hiyo gofu ina rangi gani na ananunua nani. Kisha wakachimba kwa bidii kuliko mwanzo.

Mgambo wamekuja na filimbi. Watu wakatawanyika na udongo wao vichwani. Nimehesabu mashimo yaliyobaki: sabini na mawili, yangu tisa yakiwemo, ila siwezi tena kuyatambua yangu. Hakuna aliyepata almasi. Vibendera navyo vimechukuliwa.

Jumatatu, 10 Septemba

Nimemkuta Kamili ameketi golini, miguu ndani ya shimo, ngao mapajani. Keshokutwa timu yake ilikuwa itetee ngao hapa hapa. Sasa mchezo umehamishiwa Didia, na watoto wake hawana namna ya kufika huko. Hakunitukana. Ameniuliza tu kwa upole kama nilikuwa nimelala vizuri. Nilitaka kumwomba radhi. Nikakumbuka Dar es Salaam, nikapita.

Mzee Ngassa hakupiga kelele pia, na hilo ni baya zaidi. Amevua miwani, ameifuta, ameivaa. Amesema katika ualimu wake amepita nzige, amepita njaa, amepita chui ndani ya darasa la tatu, lakini mimi bado anajifunza namna ya kunipita. Kisha akanikabidhi koleo. Nifukie yote kabla ya Ijumaa, peke yangu.

Nimefukia manne. Udongo hautoshi! Nusu yake umekwenda Maganzo kuchekechwa.

Alhamisi, 13 Septemba

Jumla kumi na moja. Viganja vimechubuka, kiuno hakinyooki.

Jioni Paskazia amekuja na jembe bila kuitwa. Amefukia matano nikiwa napumzika. Tulikuwa wawili tu uwanjani. Bila kuinua kichwa amesema:

"Baba Telesphori, hiyo Dar es Salaam ukienda, sisi tunabaki na nani?"

Sikuwa nimelifikiria. Wiki mbili nafikiria mambo yote isipokuwa hilo. Nimesema nitaandika barua. Amesema sawa. Akaendelea kufukia, na mimi nikainuka nikamsaidia, maana kukaa kulikuwa kugumu zaidi.

Ijumaa, 14 Septemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mkaguzi amefika mapema. Mwembamba, kofia, daftari. Amesimama ukingoni mwa uwanja. Mashimo hamsini na sita yamemtazama.

"Haya ni ya nini?"

Nimefungua mdomo. Mzee Ngassa amenikanyaga mguu.

"Miti, Bwana Mkaguzi. Tunapanda miti."

Mkaguzi amevua kofia! Amesema tangu Shinyanga mjini ametazama nje ya gari akitafuta kivuli cha kusimama ale, hakukiona. Amesema shule iliyotoa uwanja wake wote kwa miti hajawahi kuisikia. Akauliza wazo ni la nani. Mkono wangu ulikuwa unapanda. Kweli ulikuwa unapanda!

"La Mwalimu Kamili," Mzee Ngassa amesema. "Uwanja ni wake. Kautoa wote."

Kamili alikuwa kama aliyemeza jiwe. Lakini alipoombwa aseme neno, amesema mengi, tena mazuri. Mnafiki.

Nikawaleta darasa la sita haraka na fimbo zao. Wengine wamepiga matunguja, yakapasuka, mbegu zikaruka kwenye suruali ya Mkaguzi. Anisia alipata mpira wa mwisho wa Maduhu. Umepita juu ya paa la ofisi. Mkaguzi hakuuliza habari za gofu hata mara moja. Amemuuliza mtoto kama amewahi kutupa mkuki. Akampa ufito mrefu. Anisia ameutupa. Mkaguzi amepima kwa hatua, akarudi akapima tena, akaandika jina lake daftarini: mashindano ya wasichana ya mkoa, Oktoba.

Mzee Mageni alikuwa nyuma ya ua wa minyaa, anajidai anachunga. Akajitokeza.

"Huyo ni wangu," amesema. Hakuna aliyemuuliza. Kisha akamnong'oneza Mzee Ngassa kwamba lile neno la kumtoa shule alifute. Anisia amejiinamia, lakini nimeona meno yake.

Anayekwenda Dar es Salaam ni Kamili.

Mimi nimekuwa Mwalimu wa Miti. Nichote maji kisimani kila jioni. Na yale mashimo kumi na sita yaliyofukiwa, nimeamriwa niyafukue.

Jumapili, 16 Septemba

Hasira zimepungua. Nimekaa na Paskazia mlangoni, amesema anafurahi nimebaki. Nimekubali kwamba palikuwa na makosa. Nimeyatafakari kwa kina, kwa uaminifu, asubuhi nzima, na nimelipata: gofu ina mashimo mengi mno.

Baada ya Misa nimemuuliza Maduhu mgodini wanacheza nini kingine. Tenisi! Watu wawili, mpira mmoja, wavu katikati. Hakuna mashimo! Na nyavu ndizo hizo, kule Nkome ziwani zimeanikwa ufukoni kila mahali, na shemeji yangu anakausha dagaa huko huko. Tenisi ya Kijamaa, kwa wavu wa wavuvi! Nimeshamwandikia. Mkaguzi mwingine atakuja tu, wakaguzi hawaishi.

Uwanja umeshakuwa wa miti, lakini mbele ya ofisi ya Mzee Ngassa pametulia, pametandazwa kama mkeka. Naye amesafiri mpaka Jumatano. Wavu unahitaji nguzo tu, moja huku na moja kule. Paskazia analala kidogo, jembe lipo nyuma ya mlango.

Mashimo mawili. Mawili tu!