Meza Moja, Chaji Hasi Mbili

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa na mkasi mkononi na stika kifuani.

Katika semina ya wiki iliyopita, mwezeshaji alitufundisha kwamba wafanyakazi ni kama chaji za umeme: chanya na hasi huvutana, zinazofanana hufukuzana. Akatubandika stika. Mimi nilipewa hasi kwa kuuliza kama tutamaliza kabla ya chakula. Wifi yangu, ambaye nimekata naye sare za shule kwenye meza moja miaka kumi na moja, alipewa hasi kwa kusema swali langu ni la kijinga. Siku hiyo hiyo ukamhamishia kwenye vifungo, ukaniletea fundi mwenye chaji chanya.

Nimelisoma daftari la fizikia la binti yangu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Ndani ya waya, chanya zimekaa kitako. Zinazotembea ni hasi. Kwa hiyo taa na cherehani zote hapa zinaendeshwa na watu wa aina yangu. Sijaona barua ya shukrani.

2. Ni kweli mimi na wifi hufukuzana. Vyombo vikiwa pamoja havikosi kugongana. Tunabishana tangu kitambaa kinapotandikwa, na kila mmoja hupima upya ili amuumbue mwenzake. Ndiyo maana sare zetu hazijawahi kurudishwa.

3. Huyu chanya wako kazi yake kusifu. Jumanne nilikata mikono ya mashati sitini, yote ya kushoto. Wifi angepiga kelele kwenye wa pili. Yeye alinipongeza kwa kasi.

4. Daftari linasema chanya na hasi zikilingana, kitu kizima hakina chaji. Mwezeshaji alipoulizwa Meneja ana chaji gani, alisema huna. Sikucheka, ila niliona ujue.

Naomba wifi arudishwe kabla hatujavisha shule nzima mikono ya kushoto. Tena namkumbuka, na hilo libaki kati yako na mimi.

Nisalimie wa pasi, wa vifungo, mlinzi wa getini na mama watoto.

Wako mtiifu, kwa leo,
Mkataji, meza ya dirishani

Nyongeza: Wifi ameikuta barua kabla sijaifunga. Amesahihisha mambo saba, kisha akarudi mezani bila ruhusa yako ili anithibitishie la nane. Tafadhali mwondoe, mtu huyu hawezekani. Lakini si leo. Leo bado hatujamalizana.